Kwa nini gari la kufunua paa hutetemeka, na chuma kinatakiwa kikae wapi

Siku nilipolipeleka gari langu, Eunos Roadster la mwaka 1991, lile dogo la wazi la Mazda, kwa fundi wa kuchomelea, nilikuwa na malalamiko matatu. Nikipita kwenye rasta, fremu ya kioo cha mbele ilicheza mbele ya macho yangu kama dirisha la daladala bovu. Nikipanda tuta kwa mshazari, mlango wa kushoto uligonga. Na nikipiga jeki kwa nyuma, mlango huohuo uligoma kufunguka mpaka nilishushe gari. Fundi alijilaza chini, akachungulia dakika mbili, akatoka anajipangusa mikono. "Bosi, hii bodi imelegea, inataka vyuma. Niachie mpaka kesho."

Kesho yake nilikuta vyuma viwili vya pembe, vile vya umbo la L vya milimita 40 kwa 40, vimepita chini ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma, na flatibaa moja imevikatiza katikati. Kazi safi, imeshapigwa rangi nyeusi. Nikalipa, nikashika njia ya kurudi Kinondoni. Kwenye rasta za kwanza tu, kioo kikacheza vilevile.

Fundi hakunidhulumu. Alifanya kile ambacho wengi hufanya, na ambacho kwenye geti au tela kingefaa: palipolegea, ongeza chuma. Shida ni kwamba gari la namna hii halitetemeki kwa sababu lina chuma kidogo. Limekosa kitu kingine, na chombo cha kukuonyesha kitu hicho kinauzwa kila duka la mtaani.

Kiberiti

Chukua boksi la kiberiti. Chomoa kile kitrei cha ndani, mwaga njiti, kishike pembe za mbele kwa mkono mmoja na pembe za nyuma kwa mkono wa pili, kisha kisokote kama unayekamua nguo. Kinakubali bila ubishi. Sasa kirudishe ndani ya ganda lake, usokote tena. Kinakataa. Hukuongeza unene wa karatasi hata kidogo. Umefunga tu upande wa juu uliokuwa wazi.

Sedani ni kiberiti kizima. Sakafu, ukuta unaotenga injini na dashibodi, nguzo za milango, paa na sehemu ya nyuma vimeunganishwa vikawa boksi moja lililofungwa. Ndiyo maana bati zake zinaweza kuwa nyembamba za milimita moja hivi na bado gari likabeba watu watano. Bati moja likisukumwa, linampasia jirani yake mzigo, jirani anampasia mwingine, mzigo unazunguka boksi lote. Kata paa, mzunguko ule umekatika. Kilichobaki ni kitrei.

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye kuchanganya mambo mawili: kupinda na kusokoteka. Kupinda ni pale gari linapolegea katikati kama ubao ulioegemezwa ncha mbili, matairi yakiwa mbele na nyuma na watu wawili wazito katikati. Kusokoteka ni pale tairi la mbele kushoto linapopanda juu huku la nyuma kushoto likiwa chini, na upande wa kulia kinyume chake. Kukosa paa kunaumiza yote mawili, ila kusokoteka kunaumia zaidi. Mlango wangu uligonga kwenye tuta la mshazari, si kwenye tuta nililolipanda wima, na hiyo peke yake ingetosha kumwambia mtu ugonjwa ni upi.

Wazee watauliza: mbona magari ya zamani kabisa yalikuwa wazi yote na watu walitembea? Ni kweli, lakini yalikuwa na chasisi ya ngazi, boriti mbili ndefu na vipingo katikati, na bodi ilikaa juu yake kama kitanda juu ya mkokoteni. Ukitaka kuiona leo, angalia chini ya lori, au chini ya ile Suzuki Escudo fupi yenye turubai nyuma. Kuondoa turubai la Escudo hakubadilishi sana, kwa sababu paa halikuwa limebeba kitu. Chasisi ya ngazi yenyewe nayo husokoteka. Lori linaruhusiwa kusokoteka, tena inalisaidia kwenye barabara mbovu. Mambo yalibadilika watengenezaji walipoifanya bodi yenyewe iwe chasisi. Cha ajabu, mmoja wa waanzilishi wa njia hiyo, Lancia Lambda ya mwaka 1922, lilikuwa gari la wazi. Siri yake ilikuwa ubavu mrefu wa kwenda juu, hivyo mtu alikaa ndani ya gari kama aliyekaa ndani ya mtumbwi.

Bomba lililopasuliwa

Kiberiti kinaonyesha, lakini hakisemi tofauti ni kubwa kiasi gani. Hapo nenda kwa muuza mabomba. Bomba la plastiki la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 2.5 hutaweza kulisokota kwa mikono. Lipasue kwa msumeno mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hujaondoa kitu ila unga wa msumeno. Sokota sasa: linafunguka kama muwa uliopasuliwa. Hesabu ya wahandisi inasema ukakamavu wa bomba zima dhidi ya kusokoteka, ukilinganishwa na bomba lililopasuliwa, ni mara tatu ya mraba wa uwiano wa nusu kipenyo kwa unene wa ukuta. Kwa bomba letu uwiano ni 10, mraba wake 100, mara tatu ni 300. Msumeno mmoja umekula ukakamavu mara 300.

Kuna hesabu ya pili ndogo yenye faida kwa anayenunua chuma. Kwa bomba lililofungwa, ukiongeza unene wa ukuta mara mbili, ukakamavu wa kusokoteka unaongezeka mara mbili, na uzito nao mara mbili. Ukiacha unene ulivyo, ukaongeza upana na kimo mara mbili, ukakamavu unaongezeka mara 8 kwa uzito uleule wa mara mbili. Kwa hiyo bomba pana la ukuta mwembamba linamshinda nondo mnene mbali sana. Na usidanganywe na muuzaji anayesema hiki ni "chuma cha meli, kigumu zaidi". Chuma cha meli kinaweza kuchelewa kukunjika moja kwa moja au kukatika, lakini kabla hakijafika huko, vyuma vyote vinanyumbuka karibu sawa kwa mzigo sawa. Ukakamavu unatoka kwenye umbo.

Sasa rudi kwenye vyuma vyangu vya L. L ni bomba lililopasuliwa tangu kiwandani. Fundi alilaza bawa moja kwenye sakafu, akaligusa kwa nukta za moto hapa na pale, na bawa la pili likaning'inia hewani. Vilipunguza kupinda kidogo. Dhidi ya kusokoteka vilikuwa mapambo.

Mfuko wa saruji na rasta

Ukakamavu wa bodi hupimwa kwa niutoni-mita kwa nyuzi: nguvu kiasi gani ya kusokota inahitajika ili mbele ya gari izunguke nyuzi moja ukilinganisha na nyuma. Sedani nyingi za leo zinapita 20,000. Magari ya wazi ya zamani mara nyingi yako kwenye maelfu machache.

Unaweza kupima mwenyewe kwa takribani, bila maabara. Egemeza nyuma ya gari kwenye stendi mbili imara pale ekseli inaposhika bodi. Mbele weka stendi moja tu, katikati kabisa, ili mbele iwe huru kuzunguka. Funga bomba la chuma kukatiza mbele ya gari, lipite nje ubavuni, na mita mbili kutoka katikati ya gari ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50. Hapo umeweka karibu niutoni-mita 980. Gari la ukakamavu wa 4,900 litazunguka sehemu moja ya tano ya nyuzi. Ni kidogo mno kuonekana kwa jicho, ila kwenye upana wa mita 1.4 ni tofauti ya milimita 5 hivi kati ya kushoto na kulia. Ukibandika kalamu ya leza kwenye fremu ya mbele ikielekea ukuta wa pembeni ulio mita 5 kutoka hapo, nukta nyekundu itasogea kama milimita 17. Andika namba hiyo kwa chaki ukutani. Kila ukimaliza hatua moja ya kazi, rudisha saruji na upime tena. Anayekaza gari bila kupima anakaza kwa imani. (Chukua tahadhari na stendi, mtu asiwe chini ya gari wakati saruji inaning'inia.)

Mimi nilitumia kipimo cha kimaskini zaidi kwanza: sarafu. Gari likiwa chini, nafasi kati ya mlango na bodi kwa nyuma ilipitisha sarafu mbili za shilingi 200 zilizobanwa pamoja. Nikipiga jeki nyuma, sarafu moja haipiti.

Lakini nafasi ya mlango ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kwa nini kioo kinacheza kwenye rasta hizi na si zile. Kila kitu chenye ukakamavu na uzito kina mpigo wake wa asili, kama bembea. Bembea ukiisukuma kwa wakati wake, inakwenda juu kwa kidole. Ukiisukuma ovyo, haiendi. Bodi ya gari la wazi la zamani ikisokoteka na kurudi, mpigo wake mara nyingi uko karibu na mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Kwa bahati mbaya, tairi na ekseli zikiruka kati ya barabara na springi, nazo hupiga mle mle, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Tairi linaisukuma bembea kwa wakati wake.

Tuseme rasta zimepangwa kila mita moja. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa unazikanyaga mara 11 kwa sekunde, na kioo kinacheza ngoma. Kwa kilomita 70 ni mara 19, gari linatulia ghafla kana kwamba limepona. Wenye magari haya wamegundua hilo bila hesabu, na askari wa usalama barabarani wamewagundua wao.

Dawa ni kuupandisha mpigo wa bodi utoke kwenye eneo la tairi. Hapa pana mtego: mpigo unafuata kipeuo cha pili cha ukakamavu uliogawanywa kwa uzito. Kuutoa kwenye 12 kwenda 17 kunataka ukakamavu mara mbili, na kila kilo unayoongeza inakuvuta kurudi chini. Ndiyo maana gari lililojazwa vyuma vizito linaweza kutetemeka kuliko mwanzo.

Wamarekani waliwahi kukwepa hesabu hii kwa ujanja. Chevrolet Corvair ya wazi ya miaka ya 1960 ilifungwa mapipa mazito yenye springi kwenye pembe za gari, yakitetemeka kinyume na bodi ili kuituliza. Uzito mtupu, lakini uliwekwa mahali pake. Watu waliyatoa wakidhani ni upuuzi, kisha wakashangaa gari limekuwa kichaa.

Kabla ya kuongeza, rudisha

Chuma hakichoki ukakamavu kwa uzee. Kipande kilichobaki milimita moja leo kina ukakamavu uleule kilichokuwa nao mwaka 1991. Kinachopotea ni unene na viungo, na hapa kwetu Dar es Salaam mwizi anajulikana: upepo wa chumvi na maji yaliyosimama. Gari lililolala usiku Oysterbay au Kigamboni huliwa kwa ndani huku rangi ya nje ikimetameta.

Kwenye Eunos ugonjwa una anwani yake. Maji ya mvua yanayotoka kwenye turubai la paa yanaingia kwenye vijibomba viwili nyuma ya viti, vinavyoshuka hadi karibu na matairi ya nyuma. Ukiegesha chini ya mwarobaini msimu mmoja, vimeziba. Masika yakija, maji yanafurika kuingia kwenye boriti ya chini ya mlango, yaani lile boksi refu unalolivuka unapoingia, na kukaa humo. Boriti hizo mbili ndizo zilizorithi kazi ya paa. Unakuwa na gari lililokatwa paa na sasa linaoza mrithi wa paa. Zibua kwa waya wa plastiki wenye ncha butu. Waya mkali unatoboa kijibomba na unakuwa umejiharibia zaidi.

Piga boriti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza au kilichojazwa pati kinajibu kwa sauti ya mkate. Pitisha na sumaku, ikikataa kushika, hapo ni pati. Mafundi wa rangi wengi wana kipaji cha kuficha. Gari langu upande wa kulia lilikuwa na pati unene wa kidole, imelainishwa vizuri hata ningeapa ni kiwanda.

Shokapu pia. Shokapu iliyokufa inaliacha tairi liruke linavyotaka, na bembea inasukumwa bila kizuizi. Bawaba za mlango zilizolika, kitasa kilicholegea, raba za fremu za mbele na nyuma zilizopasuka, haya yote yanatoa kelele ya bodi laini hata kama bodi ni nzima. Ni kazi za spana. Zimalize kwanza, kwa sababu ukichomelea kwanza hutajua nini kilisaidia.

Mahali pa chuma

Ukilisokota gari la wazi, boriti ya kushoto inanyanyuka mbele wakati ya kulia inashuka, na kila moja inalazimika kupinda kivyake. Zitakataa kupinda kama ncha zake zimeshikwa barabara na ukuta wa dashibodi kwa mbele na ukuta wa nyuma ya viti. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutafuta: boriti yenye kimo, na ncha zisizocheza.

Kimo kina faida kubwa kuliko upana. Boksi la bati likiongezwa kimo mara mbili, ukakamavu wake dhidi ya kupinda unaongezeka kati ya mara 4 na mara 8. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa na milango ya kufunguka kwenda juu kama mbawa, na haikuwa mbwembwe: mabomba ya fremu yalipita juu ubavuni hata mlango wa kawaida usipate nafasi. Lotus Elise ya mwaka 1996 ina boriti za ubavuni ndefu kiasi kwamba aliyevaa gauni la kubana hatakushukuru ukimpa lifti. Kwenye gari la zamani huwezi kuongeza kimo sana, lakini unaweza kuchomelea ndani ya boriti bati la kusimama wima la milimita 1.5, mbele hadi nyuma, likagawa boksi kuwa vyumba viwili.

Mazda wenyewe walikiri kwamba palikuwa na pa kuongeza. Walipoweka injini ya lita 1.8 mwaka 1993, waliongeza bomba linalounganisha nguzo mbili za mikanda nyuma ya viti, pamoja na vishikizo kwenye fremu za mbele na nyuma. Mwenye gari la 1.6 anaweza kufunga vipande hivyo kwa bolti, na ni pahali pazuri pa kuanzia kwa sababu vinakaza ncha.

Kisha mgongo wa katikati, ule unaopita kati ya viti ukiwa umebeba gia boksi na ekzosti. Ukiutazama kwa chini ni mfereji, U iliyogeuzwa, wazi. Unajua tayari nitasema nini. Bati la milimita 2 linalofungwa chini yake linaugeuza kuwa bomba, mradi bolti ziwe nyingi na karibu karibu. Bolti nne kwenye pembe zinaacha bati liteleze, na bati linaloteleza ni bomba lililopasuliwa. Lisichomelewe, kwa sababu siku moja utahitaji kuitoa gia boksi, na liachie ekzosti nafasi ya kupumua.

Kuhusu vile vyuma vya umbo la X vinavyopendwa mitandaoni: X nyembamba inafaa pale palipo wazi, mfano chini ya injini, kwa sababu inafanya kazi ya bati ambalo halipo. Ukiibandika chini ya sakafu ambayo tayari ina bati, umefunga mlango uliofungwa. Hapo X inasaidia ikiwa tu ni ya mabomba yenye kimo, na makutano yake katikati yameunganishwa kwa nguvu zote.

Bomba la kuunganisha minara ya shokapu chini ya boneti linapendeza, na kwenye Eunos halifanyi mengi, kwa kuwa mikono ya juu ya matairi imeshikwa na fremu ya chini na si na minara ile. Tao la chuma nyuma ya viti funga kwa ajili ya kichwa chako siku gari litakapopinduka, ila kwa kutetemeka litakusaidia kidogo. Povu la kumimina ndani ya boriti usilitie kabisa katika mji huu. Linashika maji, na atakayekuja kuchomelea baadaye atavuta moshi wenye sumu. Na mbele ya matairi ya mbele usikaze kitu. Pale pametengenezwa pakunjike kwenye ajali ili usikunjike wewe.

Kurudi kwa fundi

Nilirudi kwa fundi yuleyule. Nilikuwa na kiberiti mfukoni, na nilihofia ataona namfundisha kazi. Alikisokota kitrei, akakirudisha kwenye ganda, akasokota tena, akacheka. "Kumbe tuliacha mfuniko wazi." Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikuliwaza. Akachukua kipande cha L, akakigeuza, mgongo juu na kingo zote mbili chini kwenye bati, kama paa la nyumba. "Hivi je?"

Niliipigia hesabu jioni ile. L ya milimita 40 kwa 40, unene 3, ikiwa na bawa hewani, ukakamavu wake wa kusokoteka kwa kipimo cha wahandisi ni 720. L hiyohiyo ikichomelewa kingo zote mbili kwenye sakafu ya milimita 0.8 inakuwa bomba la pembetatu, na kipimo kinafika kama 26,000. Chuma kilekile, zaidi ya mara 30. Gari zima haliwezi kukazika mara 30, kwa sababu pembetatu ile ni kiungo kimoja kati ya vingi, lakini sikuwa nimeongeza hata kilo moja.

Safari hii tulifuata utaratibu. Betri ilitolewa, tangi na mabomba ya mafuta vikashushwa. Gari lilisimama kwenye matairi yake juu ya mbao nene, si kwenye stendi za katikati, maana ukichomelea bodi ikiwa imelegea unaifungia ulegevu humo daima. Upande wa kulia ulihitaji kukatwa boriti iliyooza, na kabla ya grinda kugusa kitu alichomelea bomba la muda kutoka nguzo ya kioo hadi nguzo ya nyuma, akikatiza uwazi wa mlango. Asiyefanya hivyo hukata boriti, gari likakunjika katikati milimita chache, na mlango haufungi tena maisha. Vyuma vya zamani vikang'olewa, vikageuzwa.

Alitumia mashine ya waya na gesi. Ya vijiti ingetoboa bati. Alichomelea vipande vya sentimita 2 au 3, kisha anahamia upande wa pili bati lipoe, na kila baada ya dakika chache alifungua na kufunga mlango. Ncha za kila chuma alizikata mkia wa samaki, zikapungua taratibu badala ya kuishia ghafla, kwa sababu pale ukakamavu unapokoma ghafla ndipo ufa unapoanzia. Na hazikuishia kwenye bati tupu la sakafu kama mwanzo. Zilifika mbele kwenye kiungo cha fremu ya injini na nyuma kwenye kipingo cha viti. Namba ya chasisi tuliifunika kwa turubai lenye maji cheche zisiiguse. Mwisho rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, kisha nta ya kunyunyiza ndani ya boriti kupitia matundu yaleyale ya kutolea maji, ambayo hatukuyaziba. Alipendekeza oili chafu, kama wengi wanavyofanya. Nilikataa, inakula raba na inachuruzika kwenye sakafu ya jirani.

Nukta ya leza ukutani ilikuwa inasogea milimita 17. Baada ya boriti na vyuma vilivyogeuzwa ilisogea 12. Baada ya bati la mgongo na bomba la nyuma ya viti, 10. Sikufikia ukakamavu mara mbili. Kwenye rasta zilezile, kwa kilomita 40, kioo bado kinatikisika kidogo ukikitazama kwa makusudi, na jeki ikiwa nyuma, sarafu mbili zinapita zikikwaruza. Mlango unafunguka.